Siku Saba Malta na Gozo: Lipi Lije Kwanza, Lipi Lingoje

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia, Mombasa. Oktoba nitakuwa na siku saba kisiwani Malta pamoja na mama yangu mwenye miaka 68, ambaye magoti humsumbua kwenye ngazi. Hatuendi kuogelea. Tunataka mahekalu ya kale, miji ya ngome, mandhari na maisha ya watu wa huko. Tufikie wapi? Tukodi gari au tupande basi? Na Gozo, kisiwa cha jirani, yatosha kwenda asubuhi na kurudi jioni?

Jibu:

Mwalimu, kabla ya tiketi ya ndege na kabla ya hoteli, fungua tovuti ya Heritage Malta, shirika la serikali linalotunza mambo ya kale ya huko, utafute nafasi mbili za kuingia Hypogeum ya Ħal Saflieni. Siku utakayoipata ndiyo itakayopanga siku nyingine zote. Hypogeum ni makaburi na mahali pa ibada palipochongwa ndani ya mwamba, ghorofa tatu kwenda chini, kati ya takribani mwaka 4000 na 2500 kabla ya Kristo. Wanaingia watu 10 tu kwa zamu, zamu 8 kwa siku, kwa sababu pumzi na joto la miili ya wageni hubadilisha unyevu wa humo na kuila michoro ya udongo mwekundu iliyoko darini. Watu 80 kwa siku, katika nchi inayopokea wageni kwa mamilioni kila mwaka. Nafasi za Oktoba huisha wiki nyingi kabla. Anayechelewa hujaribu bahati kwa tiketi chache za siku ya pili yake, ambazo huuzwa Fort St Elmo mjini Valletta kwa bei ya juu zaidi, na inabidi awahi foleni asubuhi. Simu, kamera na mikoba hubaki kabatini. Mtoto wa chini ya miaka 6 haruhusiwi.

Kuhusu bi mkubwa, nisikufiche: humo ndani kuna ngazi nyembamba, mwanga ni hafifu, na mara nyingine mtu hulazimika kuinama. Kama nyumbani anaweza kushuka na kupanda ghorofa mbili polepole huku ameshika kishikio cha ngazi, ataweza. Kama hawezi, mnunulie tiketi ya mahekalu ya Tarxien peke yake. Yako mwendo wa chini ya dakika kumi kwa miguu, yako juu ya ardhi, na yana njia tambarare ya kupita.

Nakazania Hypogeum ije mapema kwa sababu moja. Mahekalu yote ya juu ya ardhi yamepoteza mapaa. Unaona kuta, milango na sakafu, lakini paa la asili halipo. Ndani ya Hypogeum kuna chumba kilichochongwa kuiga hekalu lililojengwa: miimo ya mlango, kizingiti cha juu, na dari ambalo kila safu ya mawe imechomoza ndani kidogo kuliko safu iliyo chini yake, mpaka uwazi ukapungua. Aliyekiona chumba hicho hubeba paa kichwani, na akifika hekalu la Mnajdra analiweka mahali pake mwenyewe. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu: siku ya kwanza Makumbusho ya Akiolojia mjini Valletta, ambako kuna sanamu ndogo ya mwanamke aliyelala, iliyotoka Hypogeum, na mawe ya michongo yaliyoondolewa Tarxien ili yasiharibike, kisha Hypogeum na Tarxien, kisha mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra, na mwisho mahekalu ya Ġgantija kule Gozo. Ukienda kinyume utaona marundo manne ya mawe yanayofanana.

Na sasa jiwe lenyewe. Malta haina mito wala misitu, na karibu kila kitu utakachokiona kimetoka kwenye mwamba wa chokaa ulio chini ya miguu. Miamba hiyo ni ya aina mbili. Jiwe laini, la rangi ya asali, wenyewe huliita franka. Hukatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa patasi kama mbao, na baada ya kukaa hewani hujifanyia ngozi ngumu kwa nje. Jiwe la pili ni gumu, la kijivu, lenye mabaki ya matumbawe na mwani wa baharini, nalo huliita qawwi, yaani lenye nguvu. Wewe uliyekulia karibu na Mji wa Kale unaielewa tabia ya franka bila kufundishwa, maana tumbawe la Lamu na Mombasa nalo huchongwa likiwa bichi na laini, kisha likakauka na kukaza.

Nenda Ħaġar Qim ukiwa na jambo hilo akilini. Hekalu hilo limejengwa kwa franka, na upande unaopigwa na upepo wa bahari mawe yamebanduka tabaka kwa tabaka kama chapati. Chumvi ndiyo inayofanya kazi hiyo: umande wa bahari huingia kwenye vitundu vya jiwe, maji yakikauka chumvi huganda na kutanuka, ikausukuma uso wa jiwe nje. Karne ya 20 mafundi walijaribu kuziba nyufa kwa saruji kwenye baadhi ya mahekalu, na saruji ikazidisha ugonjwa, kwa sababu haipumui, ikafungia unyevu ndani. Ni kosa lile lile linalofanywa kwenye nyumba za mawe za pwani yetu, pale chokaa inapobanduliwa na ukuta ukapakwa saruji. Tangu 2009 Ħaġar Qim na Mnajdra zimefunikwa kwa mahema makubwa meupe. Wapo wageni wanaolalamika kuwa yanaharibu picha. Bila hayo, kingeharibika kitu chenyewe.

Mnajdra iko mita 500 hivi chini ya mteremko, karibu na bahari, na tiketi ni moja kwa zote mbili. Kuta zake za nje ni qawwi, ndiyo maana zimesimama vizuri zaidi. Ndani, kwenye miimo ya mlango mmoja, tazama jiwe lililotobolewa vitundu vidogo vidogo kwa mamia, mstari kwa mstari, kila kimoja kimezungushwa kwa mkono kwa kekee ya jiwe gumu. Sogea, uangalie mwanga ukija kwa ubavu: vivuli vya vitundu hufanya uso wote wa jiwe uonekane kama mkeka. Hekalu la kusini limeelekezwa kwa jua. Siku ambazo usiku na mchana hulingana, Machi na Septemba, jua la asubuhi hupenya katikati ya mlango mkuu mpaka ndani. Juni na Desemba miale huangukia kingo za mawe mawili yaliyo kulia na kushoto. Oktoba mtakuwa mmeikosa siku hiyo kwa wiki chache, ila kwenye jengo la mapokezi yapo maelezo na mfano wake. Kurudi juu ndiko kunakochosha, kwa sababu njia inapanda na haina kivuli. Fikeni mlango ukifunguliwa asubuhi, shukeni Mnajdra kwanza, mkae Ħaġar Qim jua likiwa limepanda.

Basi nambari 74 kutoka Valletta husimama hapo hapo mlangoni, na hupitia Wied iż-Żurrieq, ambako vijiboti huingiza watu kwenye mapango ya bahari yaitwayo Blue Grotto. Mapango hayo yanapendeza zaidi asubuhi, jua linapogonga maji kutoka mashariki. Upepo ukiwa mkali boti hazitoki, na hakuna haja ya kungoja.

Sasa majina haya usiogope kuyasoma. Kimalta ni lugha ya Kisemiti, imetokana na Kiarabu kilichozungumzwa Sicily, baada ya Waarabu kuiteka Malta mwaka 870; baadaye ikajazwa maneno ya Kiitalia, na huandikwa kwa herufi za Kilatini. Herufi x husomwa sh, j husomwa y, ġ husomwa kama j yetu, ċ ni ch, ż ni z ya kawaida, ħ ni h nzito ya kooni, na għ mara nyingi haisikiki kabisa. Q ni mkato wa pumzi kooni. Kwa hiyo Marsaxlokk ni “Marsashlok”, Mnajdra ni “Mnaidra”, Ċirkewwa ni “Chirkewwa”. Gozo wenyewe huiita Għawdex, “Audesh”, na ndilo jina utakaloliona kwenye vibao vya barabarani.

Kwa Mswahili hapa kuna furaha ambayo mtalii wa Kizungu haipati. Bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, dunia ni dinja, asali ni għasel, sita ni sitta, saba ni sebgħa. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Kanisa ni knisja. Na kwa kuwa Wamalta ni Wakatoliki wa vizazi na vizazi, msamiati wa Kiarabu wameuvalisha Ukristo: Mungu ni Alla, Kwaresima ni Randan, kutoka Ramadhani, Krismasi ni il-Milied, ndugu wa Maulidi yetu, Pasaka ni l-Għid, yaani Idi, na Ijumaa Kuu ni il-Ġimgħa l-Kbira, neno kwa neno. Karibu kila mtu huzungumza Kiingereza, ambacho ni lugha rasmi ya pili, kwa hiyo hamtapotea. Lakini mwambie mama muuza mboga saħħa wakati wa kuagana, uone atakavyokuangalia. Maana yake ni siha, afya.

Mahali pa kufikia: Valletta, ndani ya kuta, karibu na lango la City Gate. Kituo kikuu cha mabasi kiko nje tu ya lango hilo, na njia nyingi za kisiwa huanzia hapo. Jambo la kuangalia ni lifti. Nyumba za Valletta ni nyembamba na ndefu, nyingi zimegeuzwa hoteli ndogo nzuri zenye ghorofa tatu au nne bila lifti, na picha za mtandaoni hazionyeshi ngazi. Waandikie kwanza, wakujibu kwa maandishi. Sliema, ng’ambo ya maji, mara nyingi ni nafuu, na kivuko kinachukua dakika kumi hivi, lakini ukishuka upande wa Valletta kuna mlima mkali wa kupanda mpaka mjini, na bi mkubwa ataulipia kila siku. St Julian’s achaneni nako, ni mtaa wa disko.

Valletta ilianza kujengwa 28 Machi 1566, miezi michache baada ya Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, jumuiya ya Kikatoliki iliyoitawala Malta, wakiongozwa na Jean de Valette, kuuhimili mzingiro mkubwa wa Waturuki wa Osmani kuanzia Mei hadi Septemba 1565. Mchoro wake ulitoka kwa Mwitaliano Francesco Laparelli, na Girolamo Cassar, Mmalta, akauendeleza. Hapa Mwalimu una somo tayari kwa darasa lako. Fort Jesus, iliyoanza 1593, ilichorwa na Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati, na ni shule ile ile ya ujenzi: buruji zenye pembe kali zilizochomoza nje, ili mzinga ulio kwenye buruji moja uweze kupiga mguuni mwa buruji ya jirani, pasiwepo hata kipande kimoja cha ukuta ambapo adui anaweza kujificha. Simama kwenye daraja la City Gate utazame handaki chini yako, lililokatwa mwambani, kisha ufuate kwa jicho mstari wa ukuta mpaka kwenye buruji. Wanafunzi wako wameyaona hayo hayo Mombasa, kwa kipimo kidogo.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana lipewe saa mbili kamili. Kwa nje ni zito na halina mapambo, kama ghala la silaha. Kwa ndani hakuna shubiri moja iliyoachwa tupu. Tazama chini kabla ya kutazama juu, kwa sababu sakafu yote ni makaburi ya wapiganaji, mabamba yapatayo 400 ya marumaru za rangi zilizokatwa na kupachikwa kama nakshi: mafuvu, mifupa iliyopishana, saa za mchanga, malaika wenye tarumbeta, ngao za koo. Viatu vya kisigino chembamba haviruhusiwi kwa sababu hutoboa marumaru, na mabega hufunikwa. Kisha ingia chumba cha ibada cha pembeni, ambako kuna picha ya Caravaggio, mchoraji wa Kiitalia, ya mwaka 1608 ya kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, yenye upana wa zaidi ya mita tano. Sogea uangalie damu iliyotiririka kutoka shingoni. Kwenye damu hiyo mchoraji ameandika jina lake, f. Michelang.o, na hiyo ndiyo picha pekee aliyoitia saini. Herufi f ni ya “fra”, ndugu, maana mwaka huo alikuwa amepokewa kuwa mpiganaji wa jumuiya hiyo. Miezi michache baadaye walimvua heshima hiyo na kumfukuza, na kikao kikafanyika chumbani humo humo, mbele ya picha yake. Jumapili kanisa halifunguliwi kwa watalii, na kosa hili huwakuta wengi waliofika Ijumaa usiku na kuondoka Jumatatu.

Kutoka hapo tembeeni polepole mpaka bustani ya Upper Barrakka mfike kabla ya saa sita mchana. Mzinga hupigwa saa sita kamili, na tena saa kumi jioni, kwenye jukwaa lililo chini ya bustani. Kuangalia kutoka juu ni bure. Pembeni ya bustani kuna lifti ya mita 58 inayoshuka mpaka ukingo wa bandari, na hapo chini ndipo kinapoondokea kivuko cha Miji Mitatu: Birgu, Bormla na L-Isla. Lifti hii ndiyo rafiki mkubwa wa magoti katika Valletta nzima. Birgu ndiyo iliyobeba mzigo wa 1565, Valletta haikuwepo bado, na vichochoro vyake vina watu wanaoishi, nguo zimeanikwa, vibaraza vya mbao vilivyofungwa vioo vimechomoza juu ya njia. Mara nyingi Oktoba huwa na usiku mmoja ambapo taa za mtaa huzimwa na Birgu yote huwashwa mishumaa. Ulizia tarehe mkifika.

Kuna jambo ambalo waongozaji hulipita haraka, nawe kama mwalimu wa historia ya pwani utalitaka. Mwaka 1551 Turgut Reis, kamanda wa baharini wa Waosmani anayeitwa Dragut huko, alishambulia Gozo akachukua karibu watu wote wa kisiwa, kama 5,000, wakauzwa utumwani. Hadithi hiyo utaisikia kila mahali, na inastahili kusikika. Lakini Valletta yenyewe ilikuwa na gereza la watumwa, na Waislamu waliotekwa baharini walivuta makasia ya merikebu za wapiganaji na kufanya kazi za ujenzi mjini. Mwaka 1749 watumwa hao walipanga kuasi, njama ikafichuka, wengi wakauawa hadharani. Utumwa huo ulikoma tu Napoleon alipowaondoa wapiganaji 1798. Uliza kuhusu upande huu kwenye kila makumbusho mtakayoingia. Malta ilikuwa mnunuzi na mnunuliwa pia.

Mdina na Rabat zinataka siku nzima, na mabasi 51, 52 na 53 yanafika. Mdina ni tambarare ndani, magari ni machache mno, na wakazi hawafiki 300. Jina ni lile lile la Madina, mji, na Rabat ni kiunga chake cha nje ya ukuta. Waende wengine Mdina asubuhi. Nyinyi anzeni Rabat kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Paulo, kisha ingieni Mdina kuanzia saa kumi jioni, makundi ya mabasi ya kitalii yakishaondoka. Kwenye makaburi hayo Wakristo, Wayahudi na wapagani walizikwa jirani, na utaona meza za duara zilizochongwa mwambani ambapo jamaa walikula chakula cha kumkumbuka marehemu. Ngazi hapa ni nyingi lakini fupi, kila kaburi na mlango wake, kwa hiyo bi mkubwa anaweza kuchagua mawili au matatu akaketi. Siku nyingine, mabasi 41 na 42 yanaweza kuwashusha Mosta, kwenye kanisa la kuba ambalo 9 Aprili 1942 bomu la Wajerumani lilipenya na kuanguka katikati ya mamia ya waumini, likakataa kulipuka.

Gari msikodi kisiwani Malta. Wanaendesha kushoto kama kwetu, hilo si tatizo. Tatizo ni msongamano na maegesho, ambavyo vitawalia saa mbili za kila siku. Basi ni zuri mkiliheshimu kwa mambo mawili: inua mkono, maana halisimami lenyewe, na msilitegemee saa za kwenda na kutoka kazini, kwa sababu likijaa hupita. Tiketi moja ni ya saa mbili, mnaweza kubadilisha basi ndani ya muda huo. Kwa siku ya Hypogeum, ambako aliyechelewa hupoteza zamu na hela hazirudi, chukueni teksi. Bolt mnayoijua nyumbani inafanya kazi huko pia. Na chaja zenu hazihitaji kifaa chochote: soketi za Malta ni za pini tatu bapa, kama za Kenya.

Gozo kwenda na kurudi siku moja inawezekana, nami sikushauri. Kutoka Valletta mpaka bandari ya Ċirkewwa kwa basi 41 au 42 ni zaidi ya saa moja, kivuko kikubwa dakika 25, kisha basi jingine mpaka Victoria, mji mkuu wa Gozo, na mabasi ya Gozo mengi ni moja kwa saa. Mnabaki na saa nne za kukimbizana. Laleni usiku mbili. Ipo pia boti ya kasi kutoka Valletta moja kwa moja hadi Mġarr, bandari ya Gozo, dakika 45, nyepesi kwa magoti, ila bahari ikichafuka huahirishwa wakati kivuko kikubwa bado kinakwenda. Kwenye kivuko kikubwa msishangae kutodaiwa tiketi mnapokwenda: nauli hulipwa Mġarr, wakati wa kurudi.

Huko ndiko inakofaa kukodi dereva kwa siku moja. Ġgantija kwanza, mapema: kuta za qawwi zilizopangwa bila chokaa, jiwe moja likikadiriwa kupita tani 50, zimesimama tangu takribani mwaka 3600 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Misri kwa miaka elfu moja. Kisha Xwejni, pwani ya kaskazini, kwenye mashamba ya chumvi. Umezoea mabwawa mapana ya udongo ya Gongoni. Haya ni vijibirika vya mraba vilivyochongwa kwenye mwamba, mamia kwa mamia, na familia zinazovuna huuza chumvi yao kando ya barabara. Mavuno ni ya kiangazi, lakini chumvi yenyewe mtaipata. Kisha Dwejra jioni. Upinde mkubwa wa mwamba ulioko kwenye matangazo mengi haupo tena, ulianguka baharini 8 Machi 2017 kwa dhoruba. Kilichobaki kinatosha: bwawa la maji ya bahari lililozungukwa na majabali, ambalo boti hutoka nalo kupitia upenyo wa mwambani mpaka bahari kuu, na kisiwa kirefu cha jiwe kinachobadilika rangi jua likizama. Siku ya pili iachieni ngome ya Cittadella, Victoria, na kukaa tu barazani mkiangalia watu.

Comino, kisiwa kidogo kilicho kati ya Malta na Gozo, na maji yake ya buluu nimeiacha kwa makusudi. Haina kitu kwa asiyeogelea, na siku hizi lazima kujiandikisha mtandaoni kabla ya kushuka.

Marsaxlokk nendeni siku yoyote isipokuwa Jumapili, ambapo soko la samaki limemezwa na vibanda vya nguo. Boti zao za mbao, luzzu, zimepakwa buluu, njano, nyekundu na kijani, na kwenye omo kuna jicho limechongwa kila upande. Jahazi za Lamu nazo huchorwa jicho omoni, kwa nia ile ile ya kukiona cha mbele. Oktoba ni msimu wa lampuki, samaki mwepesi wa bahari kuu anayefuata vivuli, hivyo wavuvi hutandaza matawi ya mitende yaelee, samaki wakusanyike chini yake. Agizeni wa kukaanga, au pai lake lenye mboga na zeituni.

Chakula cha kila siku ni mkate mgumu wa nje uliosuguliwa nyanya, ukamiminiwa mafuta ya zeituni na kuwekwa samaki jodari. Pastizzi, vitafunwa vya unga vyenye jibini au njegere, vinafanana na sambusa kwa kazi yake. Kama mnafuata halali ulizeni mafuta, maana baadhi ya mafundi hutumia ya nguruwe, na mchuzi wa sungura mara nyingi hupikwa kwa mvinyo. Imqaret, vitafunwa vitamu vya tende vya kukaangwa, vinauzwa vya moto karibu na City Gate. Msikiti upo Paola, mji ule ule wa Hypogeum.

Viza ni ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, ada yuro 90, na maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Nyinyi pelekeni miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu miadi ndiyo inayochelewa. Bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000, na pasipoti iwe na angalau miezi mitatu mbele ya siku ya kutoka. Mkipitia Istanbul au Dubai, pasipoti zitakaguliwa Malta. Mkipitia Roma au Frankfurt zitakaguliwa huko, alama za vidole zitahakikiwa na picha ya uso kuchukuliwa huko, kwa hiyo acheni angalau saa tatu kati ya ndege na ndege, na karatasi za hoteli, bima na tiketi ya kurudi ziwe mkononi, si kwenye sanduku lililokwenda kwenye tumbo la ndege.

Jambo la mwisho ni upepo. Oktoba joto ni la kupendeza, nyuzi 20 hadi 25, lakini mvua za radi huja ghafla, na mawe ya Valletta yaliyosuguliwa na miguu ya karne nne huteleza kama sabuni. Viatu viwe vya soli ya mpira. Upepo wa kaskazini-mashariki wenyewe huuita grigal. Si kaskazi yetu ya kusukuma jahazi kwa upole, ni dhoruba inayopiga moja kwa moja kwenye mlango wa bandari ya Valletta. Ukitabiriwa kwa siku zenu za Gozo, piga simu hoteli, badilisheni: Mdina na makumbusho zije kwanza, Gozo isogee siku mbili mbele. Kwa sababu hiyo, hoteli ya Gozo ichukueni ile inayokubali kuhamisha tarehe bila faini.